Msichana wa Sanduku la Muziki

Baba yangu mdogo alisema uongo mbele ya ukumbi mzima, na watu wakampigia makofi. Mwenye maisha yaliyokuwa yakipotoshwa alikuwa ameketi karibu nami, mkoba wake mapajani. Yeye pia alipiga makofi, polepole, kama mtu anayekung'uta unga mikononi baada ya kusonga bukari, ugali wetu.

Huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Amekwisha kupita miaka themanini. Tangu baba alipofariki anaishi kwangu, na nyumba haibaki tena tupu mchana kutwa, maana mume wangu anafanya kazi mgodini Kipushi na hurudi mwisho wa juma tu, nami siku nzima niko shuleni nafundisha Kifaransa. Shangazi hukaa barazani, huchambua sombe, yaani majani ya muhogo, husali rozari, huwaonya majirani wanaomwaga maji machafu njiani. Kabla ya alasiri ile sikuwahi kumwona akizuliwa uongo mchana kweupe akanyamaza.

Alasiri ile iliandaliwa na mama mmoja mwenye miwani, msimamizi wa ukumbi mdogo wa utamaduni katikati ya mji. Alitaka wakongwe wa Lubumbashi waje kusimulia habari za baa za zamani. Mbele ya viti aliweka meza, na juu ya meza sanduku jembamba la mbao na bati, lenye tundu la kutilia sarafu, na juu ya tundu hilo duara la vitobo vidogo vidogo kama chujio la chai. Alilipata ghalani mwa baa moja ya Kamalondo iliyofungwa zamani.

"Ndani ya sanduku hili hamna santuri hata moja," alituambia. "Haikuwahi kuwamo."

Alieleza vizuri, simnyimi haki yake. Alisema kwamba zamani sana huko Ulaya matajiri waliweka chombo cha simu sikioni, wakasikiliza waimbaji wa jumba la maonyesho bila kutoka nyumbani. Baadaye Wamarekani walilichukua wazo hilo wakalipeleka kwenye baa. Sanduku la muziki la kawaida lilibeba santuri chache, na walevi walizichoka upesi. Lakini sanduku lililofungwa kwenye waya wa simu lilifika mpaka kwenye chumba chenye santuri ukuta mzima. Unatia sarafu, msichana anakujibu kutoka mbali, unamtajia wimbo, yeye anauweka, na wimbo unakuja mpaka pale ulipo kwa waya uleule uliopeleka sauti yako. Kwetu, miaka ya kwanza baada ya uhuru, Mgiriki mmoja mwenye duka la santuri alinunua masanduku ya namna hiyo yaliyokwisha kuachwa kwingine. Alikodi nyaya za simu, akayafunga katika baa za Kamalondo, katika baa za mtaa wetu wa Kenya, na moja akalipeleka kwa wachimba migodi wa Kipushi.

Kisha akamwita baba mdogo.

Baba mdogo ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Alikuwa karani, akastaafu. Jumapili husoma somo la kwanza kanisani, na hata jua liwake namna gani havui koti. Alishika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho.

"Yaya yangu njo alikuwa sauti ya hii sanduku," alisema, akiwa na maana ya dada yake mkubwa; njo kwetu ni ndiye. "Sisi bote mu famille tulifurahi. Papa alikuwa anamusindikiza ku kazi yeye mwenyewe. Kisha wakati ya kuolewa ilifika, akaacha kazi kwa mapenzi yake, kama vile mutoto mwanamuke wa malezi anafanya. Yaya, simama, batu bakuone."

Shangazi akasimama. Watu wakapiga makofi. Akaketi.

Nami, niseme kweli, nilifurahi. Nilikuwa nikijua tu kwamba ujanani aliwahi kufanya kazi katika duka la santuri, basi. Ndani ya teksi nilimlaumu kwa utani: miaka yote hii nimeishi nawe, na jambo kubwa kama hili hukuniambia? Alikuwa akitazama nje, kwenye foleni ya magari ya mizigo. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaketi barazani, akasema, "Sikukuambia juu haikuwa vile. Ule anasema bongo."

Bongo kwetu ni uongo. Nikavuta kiti.

Alinisimulia kesho yake mchana, baada ya Misa, mbele yetu beseni la sombe. Hakusimulia kwa mpangilio. Alianza na chumba chenyewe, kwa kuwa chumba ndicho alichokipenda.

Kilikuwa nyuma ya duka, hakina dirisha, kuta zimejaa santuri mpaka juu. Masista walikuwa wamemfundisha Kifaransa safi, na mke wa yule Mgiriki alimjaribu sauti kwa kumpigia simu kutoka chumba cha pili. Siku hiyohiyo akapewa kazi. Waliketi wasichana kwa zamu, kila mmoja na vifaa vya kusikilizia masikioni na sahani mbili za kuzungushia santuri. Mbele yao palikuwa na ubao wenye taa ndogondogo, kila taa baa yake. Sarafu ikianguka Kamalondo, taa ya Kamalondo inawaka. Msichana anachomeka waya na kusema maneno yaleyale kila mara.

"Bonjour, hapa ni muziki, munapenda kusikia nini?"

Alipoyatamka hayo barazani kwangu, sauti yake ilibadilika. Si kwamba ilirudi ujanani, sivyo. Ilikuwa na adabu fulani ya kazi, kila neno limefungwa vizuri kama kifurushi cha dukani. Jirani aliyekuwa akipita aligeuka kutazama nani amekuja.

Alinieleza kwamba kila waya ulikuwa na tabia yake. Ule wa Kipushi ulipiga mluzi, na wachimba migodi walipiga kelele kwenye sanduku wakidhani umbali ndio unaomfanya msichana asisikie. Masika nyaya zililowa zikachanganyikana. Siku moja mkubwa wa benki alikuwa akigombana na mkewe kwa simu, na ugomvi wao ukatokea ndani ya baa mtaani Kenya, kila neno. Wanywaji wakanyamaza kimya. Hakuna aliyeomba wimbo mpaka ugomvi ulipokwisha. Shangazi alicheka alipokuwa akisema hayo, akajifuta macho kwa mkono wenye majani ya sombe.

Kanuni ya kazi ilikuwa kutotaja jina na kutocheka. Wanaume, kama wanaume wa popote, walijaribu. "Madmazeli, unakaa wapi?" wakamwuliza. "Nakaa mu sanduku," akawajibu, na kuweka wimbo. Aliingia kazini baada ya chakula cha mchana na alifika nyumbani jua halijazama. Mshahara aliukabidhi kwa mama yake.

"Sikuingia mu baa hata siku moja," alisema. "Mpaka leo sijui ndani ya baa iko namna gani. Hakuna mwanaume aliona hata kidole yangu."

Nikamwuliza basi ilikuwaje aache.

Alichambua majani kadhaa kabla ya kujibu. Taa ya Kamalondo iliwaka, alisema, siku moja kama siku nyingine. Akachomeka waya, akasema maneno yake. Na sauti iliyomjibu aliijua tangu ilipokuwa inalilia uji. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, huyu huyu baba mdogo. Wakati huo alikuwa mwanafunzi, na saa ile alipaswa kuwa darasani. Alikuwa amekwenda baa na wenzake, ametia sarafu, anaomba wimbo kwa sauti nzito aliyojitungia.

"Nikamwambia: mudogo yangu, rudia ku nyumba, mama anakungoya." Aliinua mabega. "Basi. Maneno hiyo tu."

Lakini maneno hayo hayakuingia sikioni mwa mmoja. Yalitoka katika spika ya baa, mbele ya kila mnywaji. Baa nzima ikaangua kicheko. Wenzake wakamwimbia njia nzima: rudia ku nyumba, mama anakungoya. Naye akarudi nyumbani kweli, moja kwa moja kwa babu, akamwambia kwamba Yaya anaongea na wanaume wa baa, kwamba wanaume wote wa Kamalondo wanaijua sauti yake na wanamwita madmazeli.

Hapo nilimkatiza. "Babu hakumwuliza yeye alikuwa akitafuta nini baa?"

"Hakuuliza."

"Hata bibi?"

"Mama alikuwa nyuma ya mulango wa jikoni. Alinyamaza."

Babu alikuwa mtu wa reli, Mkatoliki aliyetoka kaskazini ya Katanga na sanduku la bati na rozari, na aliogopa maneno ya watu kuliko alivyoogopa njaa. Alimngoja binti yake mlangoni na mkanda wa ngozi. Alimpiga mpaka mkanda ukakatika pale kwenye kifungo. Kesho yake taa za ubao ziliwaka mbele ya msichana mwingine. Kiangazi kilipofika walimpandisha kwenye lori la kwenda Pweto, ziwani, kuolewa na mfanyabiashara wa samaki wakavu, mjane, mzee kuliko babu mwenyewe. Shangazi alikuwa amemwona mara moja tu, mzee ameketi sebuleni na kofia magotini.

"Nilipoona ile ziwa nikafikiri dunia njo inaishia pale," Shangazi alisema.

Mumewe hakuwa mtu mbaya. Aliyasisitiza hayo, na nayaandika kwa sababu aliyasisitiza. Ila hakuwa mtu wa maneno, wala wa muziki. Miaka na miaka Shangazi alipasua samaki, akawatia chumvi, akawaanika, akafukuza nzi. Alizaa watoto wawili. Msichana alifariki mdogo. Mvulana alivuka kwenda Zambia akabaki huko. Mume alipokufa, ndugu zake walichukua nyumba, nyavu na mtumbwi, wakamwacha na godoro. Nilikuwa bado shule ya msingi aliporudi kwetu Lubumbashi. Namkumbuka akishuka garini, mwembamba, ananuka moshi na samaki, na baba mdogo akimpokea kwa kumkumbatia na kumwambia, "Yaya, karibu ku nyumba." Nilidhani ni upendo.

Nilikasirika namna ambayo sijui kuieleza vizuri. Sikuweza kusahihisha madaftari. Nilikuwa nikisimama darasani mbele ya wasichana wa umri ule aliokuwa nao, wanaonong'ona na kuchorana mikononi kwa kalamu, nikasahau somo lilipofikia. Aliyekwenda baa ni baba mdogo. Aliyetoroka shule ni yeye. Aliyetia sarafu ni yeye. Na aliyepigwa, aliyefungashwa kama gunia na kupelekwa kwenye harufu ya samaki, ni yule aliyemwambia arudi nyumbani. Kisha mtu huyo anavaa koti, anashika kipaza sauti, anasema alipenda mwenyewe. Viatu alivyotembelea kwenda kumsengenya dada yake kwa babu vilinunuliwa kwa kazi ya dada yake. Hilo la viatu alinitajia Shangazi kwa kupita, akidhani halina uzito.

Sebuleni kwangu palikuwa na picha ya babu ukutani, amevaa kofia ya reli. Niliishusha nikaigeuza uso ukutani, nyuma ya kabati. Jioni nilipotoka bafuni niliikuta imerudi mahali pake.

"Shangazi, ni wewe?"

"Ule iko papa yangu," alisema. "Nilimuzika mi mwenyewe, nikamulilia. Hii hasira iko yangu, mutoto wangu. Saidia kuibeba kama unaweza, lakini usiniibie."

Niliiacha picha pale ilipo. Lakini nilimwambia kwamba baba mdogo hajafa, na kwamba Jumapili ijayo tutakwenda kwake, aseme ukweli mbele ya wanawe. Nilidhani atakataa. Alitoa kabatini liputa, kitenge chake cha sikukuu, akakipiga pasi.

Kwa baba mdogo tulipokelewa kama kawaida. Nyumba ilijaa: mkewe, wanawe, wakaza wanawe, wajukuu sakafuni. Simu ya mtu mmoja ilikuwa ikizunguka mkono kwa mkono, ndani yake picha ya video ya baba mdogo akihutubia ukumbini. Alikuwa akiitazama kwa mara nyingine huku akikata bukari. Mezani palikuwa na samaki wakavu wa Pweto, wamepikwa kwa nyanya na vitunguu, na mkewe alimsogezea Shangazi sahani kwa heshima kubwa, akisema wameletwa hasa kwa ajili yake. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuona kwamba Shangazi hali samaki wakavu.

Nilifungua mdomo. Shangazi aliuweka mkono wake juu ya wangu.

"Mudogo yangu," alisema, "ile siku mu Kamalondo, uliomba wimbo gani?"

Baba mdogo aliacha kutafuna. "Siku gani, Yaya?"

"Unaijua."

"Ni mambo ya zamani sana. Nasahau."

"Mi sisahau. Ulikuwa unaomba wimbo ya batu bakubwa, na sauti yako ilikuwa haijakomaa." Mjukuu mmoja akacheka, mama yake akamfinya. "Ambia batoto njo nani alienda kwa papa."

Wakaza wanawe waliangalia sahani. Baba mdogo alijipangusa vidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa kijana, Yaya."

"Na miye nilikuwa kijana."

"Papa njo alikata neno. Hapana miye."

"Papa amekufa. We uko hapa, unakula."

"Sasa unataka nini?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mungu amekupa miaka mingi. Iko watu mu inchi hii waliona mabaya mengi kupita yako. Mbele ya batu nilikupatia heshima, nikasema maneno muzuri, na weye unaniletea hii maneno mu nyumba yangu?"

Hapo sikuweza tena. Nikamwambia kwamba heshima aliyoitoa aliitoa kwa nafsi yake. Nikamwambia kuhusu viatu. Nikamwambia kwamba kama angesimama pale ukumbini akanyamaza tu, angekuwa mtu. Lakini alisimama akampora dada yake mara ya pili. Nilisema kwa sauti kubwa, na wajukuu wakanitumbulia macho, kwa kuwa hapakuwahi kutokea mtu wa kupaza sauti katika nyumba ile isipokuwa mwenyewe.

"Weye uko mutoto," baba mdogo aliniambia. "Mutoto hasemi na baba yake vile. Ndugu yangu alikulea vibaya."

"Muache mutoto," Shangazi alisema. "Miye njo nakuuliza."

Baba mdogo aligeukia sahani yake. Mke wa baba mdogo alisema tule kwanza, chakula kinapoa. Shangazi aliomba maji. Mkaza mwana mmoja alileta birika na beseni, akamnawisha, akampa taulo. Shangazi alifuta mikono, taratibu, mpaka katikati ya vidole, kisha akasimama. Alikuwa hajagusa kitu. Alimshukuru mpishi, akatoka. Nilimfuata. Nyuma yetu nilisikia baba mdogo akimwambia mtu azime ile simu.

Siku chache baadaye padri alitutembelea. Nilijua nani amemtuma, maana baba mdogo na padri wanakaa kamati moja ya parokia. Ni mtu mwema, bado kijana kwa padri, na alionekana hajaipenda safari ile. Alikunywa chai. Alizungumza juu ya kusamehe, juu ya umri, juu ya amani ya ukoo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Padri," akamwuliza, "mutu akiingia ku kuungama, anasema zambi yake, ao hapana?"

"Anasema, mama."

"Na asiposema?"

Padri alitazama ndani ya kikombe. "Asiposema, hakuna cha kumwondolea."

"Ndiyo. Miye niko nangoya aseme. Akisema mu ule ukumbi, mbele ya balebale alibadanganya, nitaona moyo yangu inasema nini. Siahidi."

Padri alikubali kwamba atampelekea maneno hayo, na nafikiri alimpelekea, kwa sababu Jumapili iliyofuata baba mdogo alitupita mlangoni pa kanisa bila kutusalimu, akaenda mbele kusoma somo. Alisoma vizuri kama siku zote. Nilitoka nje nikasimama uani mpaka alipomaliza.

Kwa kuwa yeye hakwenda ukumbini, tulikwenda sisi. Nilimweleza yule mama mwenye miwani. Aliona haya, ingawa kosa halikuwa lake; angejuaje? Alitupa alasiri nyingine, akawaita watu waliokuja mara ya kwanza. Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu saa sita, barabara zikajaa maji, na umeme ukakatika. Walikuja wachache. Viti vingi vilibaki vitupu, kikiwemo kile nilichomwekea baba mdogo, nilichokuwa nikikitazama kila mlango ulipofunguka. Kipaza sauti hakikufaa kitu.

Shangazi hakukihitaji. Aliketi kando ya sanduku, akaligusa kwanza, akalipapasa mahali pa sarafu, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuliona kwa upande ule. Wao walikuwa upande wa pili wa waya. Kisha akasimulia. Alisimulia ubao wa taa na mluzi wa Kipushi na ugomvi wa mkubwa wa benki, na watu wakacheka. Alisimulia sauti ya mdogo wake na mkanda wa babu na lori la Pweto, na hawakucheka tena. Hakulia wala hakupandisha sauti. Mvua ilikuwa ikipiga bati na bado kila neno lilifika nyuma. Mtu aliyemfundisha kuzungumza hivyo, kusikika kupitia waya mbovu, alijua kazi yake.

Alipomaliza, mzee mmoja alisimama viti vya nyuma, kofia mkononi. Alisema yeye alikuwa fundi seremala Kamalondo miaka ile, na kwamba alitia sarafu nyingi katika masanduku yale.

"Madmazeli wa sanduku," alisema, "nilikuwa najiuliza kila mara ulienda wapi. Siku moja tulisikia mwingine tu. Nakuomba, sema mara moja ile maneno. Bonjour, hapa ni muziki."

Watu wote waliegemea mbele. Nami niliegemea, nakiri, ingawa nilikuwa nimeyasikia barazani.

"Hapana, papa," Shangazi alimjibu kwa upole. "Ile ilikuwa maneno ya kazi. Kazi yenyewe balinikataza."

Mzee aliinamisha kichwa, akaketi. Tuliondoka mvua ilipopungua, tumejifunika mfuko wa plastiki mmoja, na njiani Shangazi alilalamika kuhusu magoti yake tu.

Habari zilimfikia baba mdogo, bila shaka. Aliwaambia jamaa kwamba mimi ndiye ninayemchochea mwanamke mzee, kwamba kusoma sana kumenivuruga kichwa. Mjukuu wake alipoolewa, hatukualikwa. Binamu zangu wengine walinipigia simu kunionya. Mmoja, mmoja tu, alinipigia kuniuliza kama ile habari ya mkanda ni kweli, na nilipomwambia ni kweli akasema ahsante. Yule mama wa ukumbi sasa huwasimulia wageni habari za sanduku kama Shangazi alivyozisema. Baba mdogo mwenyewe hajasema neno. Yuko mzima, anasoma somo, anavaa koti.

Pasaka alimtuma mkaza mwanawe na mguu wa mbuzi uliofungwa kwenye gazeti. Hakukuwa na ujumbe. Yule dada alisimama nao mlangoni kama mtu aliyeshika mtoto wa wenyewe, hajui ampe nani. Nilitaka kuurudisha. Nilikwisha kufungua mdomo.

"Pokea," Shangazi alisema kutoka barazani. "Upike."

"Hajaomba msamaha, Shangazi."

"Nimekuambia amesamehewa? Nimesema upike. Mbuzi hakunikosea kitu."

Niliupika kwa hasira, nikagonga sufuria ovyo, nikakata vitunguu vikubwa vikubwa. Mume wangu, aliyekuja kwa sikukuu, aliona heri akakae nje. Chakula kilipoiva nilimpakulia Shangazi, nikampakulia mume wangu, mimi nikajipakulia mboga. Shangazi alikula vizuri, mpaka akafyonza mfupa, akanitazama nikisukuma majani kwenye sahani, hakuniambia nile wala nisile. Aliuliza tu kama pilipili iko. Nikampa.